Sahihi za Asubuhi Keringet

Kwa miaka ishirini Profesa Chelagat alihubiri jambo moja tu: fomu ya matokeo haitiwi sahihi kabla kura hazijahesabiwa. Alilihubiri chuoni Nakuru, alikofundisha sheria, na kwenye semina za wasimamizi wa vituo, ambao walimpigia makofi kisha wakakimbilia chai na mandazi. Sasa alikuwa amechoka, hata sauti yake mwenyewe ilimchosha.

Siku ya uchaguzi mdogo alitoka kwake mtaa wa Free Area alfajiri, akapanda milimani hadi Keringet kuwa mwangalizi. Kituo kilikuwa darasa la shule ya msingi, na msimamizi ni Weldon, mwanafunzi wake wa zamani. Moyo ukamtulia. Weldon akampa kikombe cha chai na karatasi za kusaini, naye akasaini meno yakigongana kwa baridi.

Saa sita, akipekua faili mezani, aliiona fomu ya matokeo. Nafasi za hesabu zilikuwa tupu. Chini yake, mawakala wote watano wa wagombea walikuwa wameshasaini.

"Weldon, hawa wamesaini nini?"

"Prof, mvua ya huku unaijua. Ikinyesha jioni hakuna boda inapita, na ma-agent wanaenda bila kusign. Si wewe ulitufundisha agent asitoke kabla ya kusign?"

Hakuwa na haya hata kidogo. Alikuwa akingoja sifa. Chelagat alitamani kucheka, akashindwa. Miaka ishirini, na kilichobaki kichwani mwa kijana ni nusu ya sentensi.

"Leta fomu mpya. Hii ifutwe, mawakala wasaini baada ya kuhesabu. Na lazima nikuandike kwenye ripoti."

"Prof, nina watoto. Wakisoma hiyo, hii kazi sitaiona tena."

"Najua."

Ilimuuma kweli. Lakini akinyamaza, angesimamaje tena mbele ya semina?

Weldon alikusanya karatasi za faili polepole. "Na yako pia tufute?"

"Yangu ipi?"

Akamgeuzia ukurasa. Fomu ya mwangalizi: nimeshuhudia kura zikihesabiwa kwa haki. Chini yake, sahihi yake ya asubuhi, na tone la chai kando.

Chelagat aliketi kwenye dawati la watoto, magoti yakimbana, akafungua ripoti. Aliandika jina la Weldon. Kalamu ikasita. Kisha, kwenye mstari ulio juu ya jina hilo, akaandika lake.