Bibi na Uzi Uliotoka Nje ya Dirisha

Bibi yangu aliacha kudarizi vidole vyake vilipokakamaa na sindano ikawa haishikiki tena. Vitambaa vya makochi vya nusu ya Kinole, kijiji chake cha milimani, vilipita mikononi mwake, na kila mjukuu alipata cha kwake siku ya harusi. Nimebaki mimi.

"Mume wangu," alinitania kila nilipopanda kumsalimia, "utaoa huku makochi yako yakiwa uchi."

Alicheka, lakini nilimwona akivificha vile vidole chini ya khanga. Iliniuma.

Mimi naandika programu za kompyuta mjini Morogoro, tena najiona fundi. Nikamtengenezea dirisha kwenye kioo cha kompyuta, lenye kitambaa cheupe cha matundu, na mausi, kile kipanya cha mkononi, ndiyo sindano: bonyeza tundu, buruta hadi la pili, achia. Mchoro ukikamilika, kuna mashine mjini ya kuushona.

Alipoteremka mjini kunitembelea, nikamketisha mezani. Akabonyeza, akavuta. Akavuta mpaka kiwiko kikagonga kikombe cha chai.

"Bibi, unakwenda wapi?"

"Navuta uzi! Umeona wapi mshono usiovutwa?"

Kasheshe ikaanza. Mshale wa mausi ulishatoka nje ya dirisha, akaachia huko huko, na programu yangu haikusikia. Ilidhani bado kabonyeza. Aliporudi, uzi ukamfuata kila alikokwenda, ukavuruga kitambaa kizima.

"Uzi wako umenasa, fundi," akasema, akaurudisha mkono chini ya khanga.

Nilikasirika, na hasira zenyewe si kwa Bibi. Sikumwambia avute kidogo. Nilikaa pale pale, chai ikapoa, nikaifundisha programu iufuate mkono wake hata nje ya dirisha mpaka aachie. Mshono uingie anapobonyeza. Kule kuvuta kuwe kwa kukaza uzi tu, kama anavyojua yeye.

"Jaribu tena, Bibi."

Akadarizi waridi jekundu, mausi ikizunguka meza nzima, mimi nimekumbatia vikombe. Kwenye petali ya mwisho akainama, akasogeza meno hadi kwenye kioo ili akate uzi kama alivyozoea. Akashtuka. Tulicheka mpaka machozi yakatutoka.

"Mkasi uko wapi humu?"

"Nimesahau kuuweka, Bibi. Nauweka sasa hivi."

"Uache kwanza," akasema, macho hayatoki kwenye kitambaa. "Nani kakwambia nimemaliza?"