Daktari Aliyemtoa Mkalimani Nje

Leo katika zahanati ya Bondeni, mjukuu wangu akichanjwa, harufu ya spiriti ilinirudisha chumbani kwa mama. Nilikuwa mtoto, nampepea kwa kipepeo cha ukili. Alikuwa amejifungua juzi, na homa inamchoma kama tanuri.

Daktari wa kizungu, mwanamke, alikuja na mkalimani: jirani yetu, mwanamume mzima. Daktari akauliza kwa Kizungu, jirani akageuza: "Waumwa na nini, dada?"

Mama akajifunika gubigubi. "Kichwa."

Angemwambiaje mume wa watu habari za titi lake? Bora afe.

Daktari akamtazama, kisha akamtoa jirani nje. Akakaa mkekani. "Mama, mimi jua Kiswahili kidogo tu. Wapi iko uchungu?"

"Yuwasema kama kasuku mwenye mafua!" nyanya, aliyeketi kando ya mama, akaangua kicheko. Mama naye akacheka, akafunua kifua. Jipu lilikuwa limeiva, linang'aa.

Likapasuliwa papo hapo. Alasiri mama akaomba uji.

Wako wasemao mgeni Kizungu chake kinamtosha. Sisi kingetuzikia mama. Mungu amlipe kheri yule mwanamke, kwa kila neno alilolikosea.