Fundi wa Pini Aliyeogopa Daraja

Mvua ya Tukuyu haijakatika tangu alfajiri. Uwesu Mwambene anakereza shafti ya mashine ya kusaga wakati Jackson, dereva wa bodaboda kutoka Isongole, anapoegesha mlangoni na kushusha kiroba. Ndani mna pini ya chuma ya daraja la waya la kijijini kwao, ile inayoshikiza waya kwenye nguzo, imekatika kichwa.

Jackson anataka nyingine kama hiyo, na anaitaka leo.

Uwesu anazima mashine. Pini haigusi. Anajifuta mikono kwa tambara, kisha anauliza swali ambalo mwaka jana asingeliuliza.

“Tundu inamoingia pini hii, nani amelipima?”

Jackson anamtazama kama mtu aliyeagiza maziwa akaulizwa ng'ombe yuko wapi.

Uwesu, mwenye umri wa miaka 49, amezeekea kwenye karakana hii ya mabati nyuma ya soko. Kazi alifundishwa na marehemu baba yake, mzee Yunusu, aliyechonga vipuri vya viwanda vya chai. Kanuni ya mzee ilikuwa moja: mteja alete kilichovunjika, aondoke na kipya kinachofanana nacho. Pini moja humwachia Uwesu shilingi elfu thelathini hivi, umeme ukikubali.

Lakini kuna jambo wateja hawakulijua. Uwesu anaogopa madaraja yanayoning'inia.

“Nikiona maji chini ya mbao, narudi nilikotoka,” anasema, na hacheki.

Kwa hiyo Asukile Mwaisumo, mwenyekiti wa kamati ya daraja katika kitongoji kimoja cha Kisiba, alipomletea pini kuukuu na kumsihi aende akaone zinapoingia, Uwesu alijibu kwamba sampuli inatosha. Haukuwa uvivu. Ilikuwa hofu, na aibu ya kuitaja. Mficha uchi hazai.

Alizinakili bila kukosea hata unywele, na hapo ndipo alipokosea. Pini zile zilikuwa zimelika pande zote kwa miaka ya kusuguana na mabamba ya nguzo. Uwesu alinakili chuma pamoja na ulaji wake. Pini mpya zilitoka zinang'aa, na zilikuwa nyembamba.

Zilifungwa Jumamosi. Jumatatu asubuhi Asukile alipiga simu kusema daraja linagonga kila mtu anapokanyaga. Pini zilikuwa zinacheza kwenye matundu yake, na yeye alikwisha kufunga njia kwa miti pande zote mbili.

Hakuna aliyeumia. Hata hivyo daraja lile ndiyo njia ya zahanati, ndiyo njia ya shule, na kina mama wauza maziwa walilazimika kuzunguka kwa barabara ya mbali huku maziwa yakiganda njiani. Uwesu hakula siku hiyo. Mkewe, Sauda, alitenga ndizi akaziondoa zilivyo.

“Nilijua pini ikichomoka, aliyeua si mto,” anasema. “Ni mimi.”

Ni Sauda aliyemwinua. Alimwambia, “Baba Naima, tundu halitakuja hapa kupimwa. Nenda.”

Alikwenda. Alifungwa kamba kiunoni, Asukile akashika ncha, naye akalala kifudifudi juu ya nguzo, kipimo kikining'inia shingoni. Alifumba macho muda wote, akayafumbua kusoma vipimo tu. Matundu nayo yalikuwa yamepanuka, kila moja kwa namna yake, wala hakuna sampuli ambayo ingemwambia hivyo.

Alirudi akachonga upya kwa gharama yake, kila pini kwa tundu lake. Waya ukashikiliwa kwa winchi, pini za kwanza zikatoka, nene zikaingia kwa kugongwa nyundo.

Miti ikaondolewa. Watu wakabaki wamesimama.

Bibi Tusekile, muuza maziwa, alitua ndoo yake chini akasema kwa upole, “Fundi atangulie. Akifika, na sisi tutafika.”

Uwesu anasema hakuona njia ya kukataa. Alishika waya kwa mikono miwili akaanza kuburura miguu. Katikati alisimama, si kwa hofu peke yake. Alikuwa anasikiliza. Mto ulinguruma chini, na daraja lilikuwa kimya.

“Sijawahi kupenda kimya namna ile,” anasema.

Alifika ng'ambo akakaa kwenye majani, akalia mbele ya watu. Kisha akakumbuka kwamba pikipiki na vifaa vyake viko upande aliotoka. Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Lakini ilibidi asubiri, kwa sababu Bibi Tusekile alikwisha kuingia darajani na ndoo kichwani. Alipompita alimwambia, “Ndaga fijo, mwanangu,” yaani asante sana, akaendelea na safari yake kana kwamba daraja halijawahi kufungwa.

Sasa Jackson analalamika kwamba Isongole ni mbali na mvua haijaacha. Uwesu anafunga kipimo chake ndani ya mfuko wa plastiki, anavaa koti na kumwambia awashe pikipiki.

Kabla ya kupanda anaeleza mpango wake. Anataka kutengeneza kifaa cha mkono cha kusawazishia matundu palepale darajani. Tena anataka siku moja avuke bila kushika waya.

“Mkono mmoja nimeshauachia,” anasema, akipanda nyuma ya Jackson. “Bado mmoja.”