Samaki wa Madame

Niliacha shule mapema nikazurura hadi Pweto, kwa wavuvi wa ziwani. Sasa nasoma tena, mtaani Bel-Air, na watu wazima wenzangu. Nikianguka Kifaransa, sipandi darasa. Madame, mwalimu wetu mkali, alinirudishia karatasi iliyojaa wino mwekundu: "Papa, kesho uko na repêchage."

Pweto nilijifunza kwamba pêche ni uvuvi. Kumbe alama huongezwa kwa samaki! Kesho yake nikamwekea mezani fungu la samaki wakavu. Wenzangu walioanguka walishika kalamu tu, nikawahurumia.

"Hii njo nini?"

"Repêchage yangu, Madame."

Darasa zima likaangua kicheko. Hata yeye, kwa mara ya kwanza, akacheka.

"Repêchage njo mutihani ya pili. Samaki njo weye, papa!" Akanivutia kiti. "Ikala, tukuvue."