Aliulizwa Peke Yake

Muuguzi aliposema anahitaji ndugu wa mgonjwa, mjomba alileta watu wa kujaza benchi. Walitoka Chiwata, wengine walishuka kutoka Newala, wamevaa nguo za sikukuu, na kila mmoja alikuwa tayari kutolewa damu. Mgonjwa ni mdogo wangu wa mwisho. Yuko darasa la sita na ana sikoseli tangu azaliwe. Mwaka juzi alipooza mkono akiwa anafua soksi zake za shule. Mkono ulirudi polepole, lakini daktari alituambia kiharusi kikija tena huenda kisituachie kitu. Tiba inayoweza kuung'oa ugonjwa wenyewe ni kupandikizwa uloto, yaani ule ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu, kutoka kwa mtu aliyelingana naye. Ndiyo maana ya lile benchi.

Muuguzi alikuwa ametoka kwenye hospitali kubwa, mbali sana na kwetu, inakofanyika kazi hiyo. Tulikutana naye hospitali ya Ndanda. Sote tulimwita sista.

"Hawa wote ni ndugu zake?"

"Wote," mjomba alisema.

"Baba mmoja, mama mmoja?"

"Tumbo moja."

Sista aliangalia benchi, akamwangalia mama. "Mama, umewazaa wote hawa?"

Mama alicheka. Sikuwa nimemsikia akicheka kwa muda mrefu. "Wangu ni huyu, na huyu, na mgonjwa. Hao wengine ni wa dada yangu na wa mdogo wangu."

"Sasa baba, si umesema tumbo moja?"

"Kwetu tumbo la mtu na la mdogo wake ni moja," mjomba alisema. "Ninyi huko mnahesabuje?"

Sista alimweleza kwa heshima, bila kumcheka. Kinacholinganishwa, alisema, mtoto hupata nusu kwa baba na nusu kwa mama, kwa hiyo wa kuanza nao ni waliozaliwa na wazazi wale wale wawili. Hata hao, kila mmoja ana nafasi moja kati ya nne. Benchi likainuka kwa manung'uniko. Binamu yangu wa Chiwata alisema, "Mimi nimeoga kwa ajili ya nini sasa?" Tulibaki mimi na dada.

Nina shahada ya ualimu wa biolojia na sina ajira, nafundisha tuisheni kwenye vibaraza vya watu Mkomaindo, mjini Masasi. Hiyo moja kati ya nne nimeichora ubaoni mara nyingi. Siku ile niliichora kichwani mpaka ikaacha kuwa na maana. Nilijiuliza kama kutamani sana kunaweza kuharibu kipimo. Najua hakuwezi. Nilijiuliza tu.

Sista alituita mmoja mmoja kwenye chumba kidogo. Nilipoinuka, mjomba naye aliinuka.

"Baba, naomba ubaki."

"Huyu ni mtoto wangu."

"Najua, baba. Namhitaji peke yake."

Ndani alinieleza kila kitu. Wanaokubaliwa hupimwa upya, moyo, ini, virusi, na wanawake hupimwa ujauzito. Siku yenyewe unapewa nusu kaputi, unalala, wanachoma sindano kwenye mfupa wa nyonga kwa nyuma na kuuvuta uloto. Ukiamka kiuno kinauma, siku chache, wengine zaidi. Mwili unautengeneza tena. Baada ya hapo wanakupigia simu kukujulia hali, mwanzoni mara kwa mara, halafu kwa mwaka na zaidi. Kisha akaweka kalamu chini.

"Ukisema hapana, hakuna atakayejua. Nitawaambia hukufaa, basi. Hata mama yako akija kuniuliza sababu, sitamwambia."

Nilisema ndiyo kabla hajamaliza. Alisema hataki ndiyo ya haraka, ataniuliza tena. Nilitoka nimechanganyikiwa. Maishani mwangu nilikuwa sijawahi kuulizwa jambo peke yangu. Nilipelekwa jando baada ya kikao, nikachaguliwa masomo baada ya kikao, hata safari ya chuo ilikaliwa kikao kwa mjomba, mimi nikiwa nje nasikiliza.

Dada aliingia baada yangu. Alikaa muda mrefu kuliko mimi.

Majibu yalipokuja, mimi sikulingana. Dada alilingana kabisa. Mama alipiga vigelegele peke yake uani, majirani wakaja wakidhani kuna mchumba. Mimi nilienda nyuma ya choo nikakaa. Nilifurahi, naapa, ila nilihisi kama mtu aliyeitwa kwenye usaili na kuambiwa arudi nyumbani, na hilo nilikuwa nimeshalizoea, lakini safari hii kilichokataliwa kilikuwa mifupa yangu.

Dada alisafiri kwenda kupimwa afya. Alirudi moja kwa moja kwake Newala, hakupitia kwetu. Baada ya wiki kadhaa sista alimpigia mama. Alisema kwa masikitiko kwamba dada hakufaa kuwa mchangiaji, na kwamba mdogo wangu ataendelea na dawa zake na kuongezewa damu inapohitajika, huku wakitafuta njia nyingine.

"Damu yake ina nini?" mama aliuliza. Aliuliza simu, aliniuliza mimi, akamuuliza Mungu.

Kila mtu nyumbani alilipokea neno lile kama lilivyo. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kile chumba. Nilijua kwamba *hakufaa* inaweza kuwa ini, inaweza kuwa mimba changa ambayo kwetu mwanamke haitangazi, na inaweza kuwa hapana. Nilizunguka na hayo matatu kutwa. Nilikuwa nikifundisha mfumo wa mmeng'enyo, nasimama katikati ya tumbo na utumbo, wanafunzi wananitazama. Na kumuuliza siwezi. Kwetu kaka hamuulizi dada yake habari za mwili wake, hata akiwa na shahada ya mwili.

Mdogo wangu alipolazwa tena, nilipanda Newala.

Nilimkuta dada uani akinyonyoa korosho kutoka kwenye mabibo, mikono imelowa. Shemeji alikuwa anaanika.

"Shikamoo dada. Shikamoo shemeji."

"Marahaba," shemeji alisema. "Msomi kapanda mlima. Umepangiwa kufundisha huku, au umekuja kula?"

"Nimekuja kula."

"Basi shika ndoo. Huku anayekula ananyonyoa."

Nilinyonyoa. Dada aliniangalia nikinyonyoa vibaya, akamwomba mumewe akatufuatie maji kwenye kioski. Alipoondoka, dada alisema bila kuinua kichwa, "Uliza."

Nilikuwa na hoja zangu kwenye simu, nimeziandika na kuzipanga upya kwenye basi. Sikutoa hata moja. Nilisema tu, "Sista aliniambia na mimi. Kuhusu kukataa."

"Kumbe." Aliendelea na mabibo. "Basi nilikataa."

Alinieleza taratibu, kama anayehadithia habari ya jirani. Alipojifungua mtoto wake wa mwisho alipasuliwa. Walimpa nusu kaputi, akalala, halafu katikati akaamka. Hakuweza kufumbua macho wala kusogeza kidole. Alisikia wakiongea. Alihisi wanavyovuta na kushona. Alipiga kelele ndani ya kichwa, hakuna aliyesikia. Hakumwambia mumewe wala mama. Tangu siku hiyo hulala huku amekaa nusu, ameegemea ukuta.

"Sista nilimwambia. Ndiye mtu wa kwanza. Akasema kuna namna ya kufa ganzi kuanzia kiunoni tu, ukiwa macho. Kuna namna ya mashine, unachomwa dawa siku kadhaa, halafu wanachukua kwenye mshipa wa mkono. Akasema daktari wa usingizi atakaa na mimi siku nzima kabla. Alinisemesha vizuri sana." Aliifuta mikono kwenye kanga. "Nilipofika na kuona kitanda kama kile cha kupasuliwa, miguu ilikataa. Nikasema hapana. Akasema sawa. Hakununa."

"Na sasa?"

"Ananipigia. Anauliza nalala vipi. Haulizi kama nimebadilika."

Nilisema kitu ambacho hakikuwa kwenye simu. Nilisema, "Dada, kile kiharusi..."

"Usinitajie. Unadhani sijui? Huyo mtoto nimembeba mimi mgongoni, mama akiwa shamba. Akilia usiku alikuwa ananiita mimi."

Nyuki walikuwa wengi juu ya mabibo.

"Ukimwambia mjomba," alisema, "atakuja na watu wake, watakaa hapa uani, na nitakubali. Nitakubali kwa aibu, nitaenda, na sista akiniuliza peke yangu nitamdanganya kwamba nataka. Kwa hiyo unaweza. Ni maneno machache tu. Nakwambia ili ujue kwamba unaweza."

Shemeji alirudi na madumu, akauliza nani amekufa mbona tumekunja sura. Dada alisema kaka amenyonyoa ndoo nzima na korosho hazionekani.

Nilishuka Masasi na hayo maneno machache mdomoni. Nikiyasema, mdogo wangu anaweza kupona na dada akavunjika. Nisiposema, dada analala ameegemea ukuta, mdogo wangu anasubiri kiharusi, na mimi ndiye ninayejua. Nilitafuta njia ya tatu. Nilimpigia sista nikauliza kuhusu mimi, yaani kwa kuwa ni kaka huenda nimelingana nusu, na kama nusu inaweza kutosha. Alisema kuna wanaofanya hivyo nchi nyingine, wao bado. Nikauliza, je, mtu akija kwa kusukumwa? "Habari za dada yako siwezi kuzungumza na wewe," alisema. "Wewe mwenyewe, unalala?" Nilikata simu bila kuaga.

Wodini, hospitali ya Mkomaindo, mdogo wangu alikuwa na maumivu ya miguu na mgongo, dripu mkononi, midomo imepauka. Mjomba alikuwa amekaa kando ya kitanda na kofia mapajani.

"Wewe umesoma," aliniambia. "Hakuna kitu hatujafanya? Mtu wa kwenda kumwona? Mahali pa kuomba? Mimi nitakwenda. Niambie tu wapi."

Alikuwa ananitazama kama mwanafunzi wangu. Nilisema sijui mahali pengine, mjomba. Alisema sawa, akaivaa kofia, akaivua.

Hiyo ilikuwa juzi. Jana nilinyamaza tena. Kila mara mdogo wangu anapolia nalazimika kuamua upya, na kila mara sijui kama ni kuamua au ni woga wa kusema.

Leo jioni dada alipiga. Nilimwekea mdogo wangu simu sikioni. "Shikamoo dada," alisema. "Sijambo. Nimekula uji. Kesho kutwa narudi nyumbani." Uji ulikuwa kwenye kikombe, mzima, umeganda utando.

Nilichukua simu nikatoka koridoni. Dada aliuliza anaendeleaje. Ningeweza kurudia habari ya uji. Nilimwambia kwamba amelia tangu asubuhi, wameongeza dawa, na daktari ameagiza damu nyingine.

Nilisikia mtoto wa dada akigombana na mwenzake, na sufuria ikiwekwa chini.

"Unaniambia," aliuliza, "au unanisukuma?"

Nilifikiria. Nilifikiria kweli.

"Sijui, dada."

Hakukata simu. Nilimsikia anapumua.