Unga wa Rangi Mbili

Miaka ya wakimbizi, Lusahunga ilikuwa hailali. Malori ya chakula cha kambini yalipishana njia panda kutwa, na mimi, mtu wa darasa la nne, nilikuwa na duka la kuezekwa bati, hoteli ya chai na Fuso langu mwenyewe. Sikurithi hata jembe. Nilianza na baiskeli. Nayasema haya ili ujue aliyetokwa na malengelenge sehemu za siri hakuwa mtu wa hivi hivi.

Yalianza kwa kunyea, ngozi ikiniwasha. Vikaja vipele vya maji, vikapasuka, kukojoa kukawa kama kumwagiwa pilipili. Nikajua ndiyo ule ugonjwa uliokuwa ukimaliza watu Kagera. Nilifungua vidonge vya rangi mbili vya dukani kwangu, nikanyunyizia unga wake. Wiki ya tatu, nimepona kabisa.

Basi nani angeninyamazisha? Nikawa natibu madereva. "Dokta, nifungie ule unga," wananiambia, nami naufunga kwenye karatasi, na masharti juu.

Baadaye yakarudi, palepale. Nikanyunyizia, yakapona, yakarudi. Sikuweza kukaa. Nilizunguka Fuso nikigonga matairi niliyokwisha kuyagonga. Mke wangu alikuwa nyumbani Nyarubungo, mimba ya miezi minane. Nikawa natuma sukari, sabuni, godoro, mwenyewe siendi. Watu wakasema nimeweka mwanamke wa kambini. Niliwaacha waseme. Uvumi ule ulinipa sifa. Ukweli ungenivua nguo.

Siku moja, nikipeleka maharage kambini Ngara, nikaingia zahanati. Nesi alikuwa mama mtu mzima.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Vua."

Akatazama. "Umepaka nini?"

"Unga wa rangi mbili. Unaponyesha."

"Hauponyeshi kitu. Yanakauka yenyewe, hata ungepaka unga wa muhogo. Hiki ni kirusi, kinajificha kwenye mishipa ya fahamu. Ukichoka, kinatoka."

"Ndiyo ule ugonjwa?"

"Ule tunapima damu, na utapima. Hiki ni kingine, hakikuui. Osha kwa maji ya chumvi, kausha, vaa nguo isiyobana. Ukisikia mnyeo tu, usimguse mkeo. Siku nyingine kondomu, maana kinaambukiza hata ngozi ikiwa safi."

Nikajisifu kwamba mke wangu ana mimba na nimekaa mbali naye. Akaacha kuandika.

"Amewahi kutokwa na haya?"

"Sijui."

"Muulize. Mtoto akipita penye vidonda anaweza kufa. Mkunga lazima ajue mapema."

Walinipima damu, ule ugonjwa sikuwa nao, lakini siku nne nikagonga matairi badala ya kwenda kumuuliza mke wangu. Ya tano, lori likasimama mbele ya hoteli, mke wangu akateremka, kikapu mkononi.

"Nimekuja kumwona," akasema.

"Nani?"

"Mwenzangu. Mwite atoke tusalimiane, miguu imevimba, siwezi kusimama sana."

Wateja wakacheka. "Dokta, leo jitibu mwenyewe!"

Nilimpeleka uani, nikamweleza yote. Akaweka kikapu chini.

"Yanaanza kwa kunyea?"

"Ndiyo."

"Mwaka juzi, wakati wa palizi, yalinitoka. Nikadhani nyasi."

"Mbona hukusema?"

"Ulikuwa safarini. Ungesema nimeletewa na mwanamume."

Ni kweli, ningesema. Nani alimletea mwenzake hatujajua mpaka leo, na safari zangu za zamani nazijua mwenyewe.

Uchungu ulimshika wiki ile ile, kabla hajarudi nyumbani. Zahanati ya Lusahunga, asubuhi, benchi limejaa, wanaume wawili pale nimewahi kuwafungia unga. Mkunga akamwingiza mke wangu ndani. Yeye ameuma meno kwa uchungu, hawezi kuongea. Mlango ukaanza kufungwa.

Nikasimama. "Mkunga! Huyo aliwahi kutokwa na malengelenge ya siri. Na mimi ninayo. Mkague kwanza!"

Benchi lote likanigeukia. Baada ya muda mkunga akachungulia. "Hana kidonda, atajifungua kawaida. Kaa chini, baba."

Sikukaa. Nilizunguka zahanati mpaka nikasikia mtoto analia. Mkunga akasema tumwangalie wiki za kwanza, akipata homa au kipele tumkimbize. Hakupata. Siku hizi ananipita kwa kimo.

Siku ile, nikiwa bado nafuta jasho, mmoja wa wale wanaume wawili wa benchi akanisogelea, sauti chini.

"Dokta, na yangu yamerudi."

Nikamwambia mimi si daktari, apande Fuso, nimpeleke kwa yule nesi wa Ngara.