Maji Yasiyokatika

Mzee Bethwel Kibii aliuza ng'ombe wake wote wa maziwa ili achimbe kisima kwenye ploti yake ya Njoro, kisha akaandika getini kwa rangi nyekundu: MAJI HAYAKATIKI. Na kweli hayakukatika. Kwa miaka minane wapangaji waligombania vyumba vyake kumi na viwili.

Asubuhi hiyo alimkuta Samsam wa chumba cha tatu akifunga godoro kwa kamba.

"Hata wewe, Mama Sundus? Nimekukosea nini?"

"Hujanikosea, mzee. Ni maji." Akamwita binti yake. "Sundus, mwonyeshe mzee meno."

Msichana akafungua mdomo kidogo, akaufunika haraka kwa kiganja. Meno yake mapya yalikuwa na madoa ya kahawia.

Mzee akacheka, akaonyesha yake. "Ah! Haya si ndiyo meno ya kwetu? Hata babangu alikuwa nayo!"

"Huyu hacheki tena shuleni, mzee. Daktari amesema ni madini ya kisima."

Kicheko kikamkauka Kibii. Wakubwa waliompa kibali walichukua ada yao wakaenda zao, wala hakuna aliyemwambia apime maji kabla ya kuwanywesha watoto wa watu. Chumba hiki kilikuwa cha sita kuhamwa mwezi huo, na zizi lilikuwa tupu.

Samsam alipoondoka, mzee alifungua mfereji wa uani. Maji yakaruka kwa nguvu, meupe, baridi, naye hakujua tena ampe nani.